Dawa Tayari

Mkono wa Mama Dawa ulikuwa umezama hadi kiwiko ndani ya gunia la maharage ya mbegu pale pua yake ilipomwambia kuna jambo.

Alibaki ameinama vilevile, akavuta hewa tena. Poda anayoitengeneza kwa mikono yake aliijua kwa harufu kuliko kwa macho. Ilinuka udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na kwa mbali ilikuwa na uchachu wa molasi. Hiki kilichokuwa ndani ya gunia kilinuka vitunguu vilivyooza, na nyuma ya uvundo huo kulikuwa na ukali uliompanda puani ukamtoa machozi.

Akachomoa mkono. Ulikuwa umevaa vumbi la kijivu, jepesi, la kupeperuka. Poda yake ilikuwa nyeusi kwa sababu ya mkaa uliosagwa, na haikupeperuka hata kidogo, maana aliigandisha kwenye mbegu kwa maji ya sukari.

Ubavuni mwa gunia mtu alikuwa ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa za mtu anayeupenda mwandiko wake: DAWA TAYARI. Yeye hakuandika hivyo. Tena gunia hilo alikuwa hajalitia kitu. Ndiyo kwanza alikuwa amefika ghalani ili alishughulikie. Akageuka. Juu ya benchi palikuwa na gunia la pili lenye maandishi yaleyale. Lilikuwa tupu, limekunjwa mara nne kwa unadhifu.

"Wifi," aliita. "Maharage ya gunia hili yamekwenda wapi?"

Wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyepima na kugawa mbegu za kikundi cha wakulima. Alikuwa mlangoni anafagia, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye hata akiwa peke yake hakosi wa kuzungumza naye.

"Yamekwenda shambani, yatakwenda wapi? Nimegawa asubuhi na mapema, watu watano. Wingu lile unaliona, nani atangoja? Nikakuta umeandika dawa tayari, nikasema wifi yangu huyu mjanja, kumbe jana alibaki akamaliza kazi yote, halafu leo anajidai kuchelewa."

"Sikuandika mimi."

"Sasa ameandika nani? Wadudu wako?" Wifi akacheka. Kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha kucheka.

"Wamepanda yote?"

"Yote ya wapi! Kila mmoja nimempa makopo manne, mashimo yamekula matatu. Yaliyobaki wamekwenda nayo nyumbani." Akauegemeza ufagio ukutani. "Si wewe mwenyewe unayesema yanaoshwa, yanapikwa?"

Ndiyo, ni yeye. Alisema hivyo msimu uliopita na ule uliotangulia, na kila aliposema alichovya kidole ndani ya poda nyeusi, akakilamba mbele ya watu, akatoa ulimi mweusi kama wa mbuzi mgonjwa. Watu walikufa kwa kucheka. Baada ya kucheka, walichukua pakti mbili mbili.

Hapo lazima tuseme ukweli kuhusu neno lenyewe, kwa kuwa neno ndilo lililoleta balaa. Miaka kumi na moja Mama Dawa alikuwa mwosha chupa katika maabara ya utafiti wa udongo. Aliosha chupa, akatia maji, akachemsha, na kwa kuwa alikuwa na macho na masikio, akajifunza. Alijifunza kwamba udongo mwekundu wa upande wao una fosforasi tele, ila umeikumbatia haitoki, na ndiyo maana mahindi yakifika magotini majani yake hugeuka rangi ya zambarau kama mtu aliyepigwa. Chakula kimo kabatini, kabati limefungwa. Kuna vijidudu, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, ambavyo hutema tindikali kidogo kidogo pembeni mwa mizizi na kulifungua kabati hilo. Maabara ilipofungwa, mtaalamu wake alimpa chupa moja ya vijidudu kama urithi. Akavilisha molasi, akavizalisha, akavichanganya na mkaa uliochekechwa. Mwenyewe aliviita wafanyakazi wake, wasiogoma wala kuomba likizo.

Akavipeleka kwa wanakikundi na kuvitaja kwa jina lake halisi, bakteria. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Bakteria si ndiyo inayoharisha watu?" aliuliza mmoja. Wiki iliyofuata akarudi na pakti zilezile, akasema ni dawa ya mizizi. Ziliisha kabla jua halijapanda.

Mtaalamu alipopata habari alimpigia simu, akasema, "Usiite dawa. Kwa mkulima dawa ni kitu cha kuua, na hii inalisha."

"Basi njoo wewe uwagawie bakteria," alimjibu, na wote wawili wakacheka. Tangu siku hiyo jina la dawa likaingia kwenye pakti, na kutoka kwenye pakti likaja kumkaa na yeye.

Sasa alishika simu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameutenga mbali na mwili, akampigia kaka yake, mtunza ghala, aliyekuwa amekwenda kutengeneza jembe la kukokotwa.

"Kaka, kwenye yale magunia mawili umetia nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya fukusi! Walianza kutoboa, mama weee, ningewaacha wangetuachia maganda. Umewaona? Hata mmoja humwoni." Kaka alikuwa na furaha ya mtu anayengoja kusifiwa. "Na nimeandika kabisa, asije mtu akasumbuka kutia tena."

"Inaitwaje?"

"Nani?"

"Hiyo dawa, kaka. Jina lake. Iliandikwaje?"

"Haikuandikwa. Yule bwana wa baiskeli anaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alisema ni kali, nivae glovu, nisiguse macho. Mfuko nimeuchoma, wewe si mtu wa usafi?" "Kwani vipi?"

Alimkatia simu. Akashika ukingo wa benchi. Hakuogopa fukusi wala msimu. Nyumba tano, na katika kila nyumba kopo la maharage ambayo watu wameambiwa kwa mdomo wake, na ulimi wake nje, kwamba ni salama. Nje ilikuwa saa tano na nusu. Aliyerudi shambani saa tatu na kuinjika chungu, sasa maharage yanakaribia kuiva.

"Wewe nenda kwa mjane na kwa wale wa kisimani," alimwambia wifi huku akinawa kwa sabuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Usiulize habari za asubuhi. Ingia, chukua maharage, hata kama yako mdomoni. Mimi nakwenda kwa hawa watatu."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ni sumu."

Wifi alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Wifi, nikisema dawa yako ni sumu…"

"Si yangu."

"Wao watajuaje?"

Jibu lingechukua muda. Walitoka pamoja hadi njia panda, wakaachana wakikimbia. Wingu lilikuwa limeshuka chini, limefunika kila upande, na joto chini yake lilikuwa zito, la kuziba pumzi. Hakuna jani lililotikisika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya dereva wa trekta. Mkewe alikuwa amelala kwa uchovu wa kupanda, na maharage yalikuwa bado ndani ya mfuko juu ya dirisha. Mama Dawa aliubeba mfuko kabla hajaeleza, naye mwenye nyumba akaketi kitandani akimtazama mdomo wazi. "Ni sumu," alimwambia. "Nitarudi nikueleze. Kama umeyashika, nawa." Akasikia nyuma yake yule mama akimwita jirani, na lile neno likarukia ukuta wa pili kabla hata yeye hajafika barabarani.

Nyumba ya pili maharage yalikuwa yamelowekwa kwenye beseni. Maji yalikuwa ya kijivu, na juu yake palikuwa na utando unaong'aa. Mwenye nyumba, fundi wa viatu mzee asiyependa kupoteza kitu, aliling'ang'ania beseni kwa mikono miwili.

"Si ulilamba wewe? Nilikuwepo. Ulilamba, ukasema hata mtoto mchanga."

"Babu, ile ni nyingine."

"Dawa ni dawa."

"Babu, nakuomba. Nipe."

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unatudanganya, au unatudanganya leo?"

Mzee aliliachia beseni alipoona machozi ya Mama Dawa, na pengine ni machozi hayo yaliyomtisha kuliko maneno. Mama Dawa alifukia maharage chini ya jalala, maji akayamwaga shimoni, akaomba na beseni lenyewe lisitumike tena. Simu ikalia. Alikuwa wifi, anahema. "Mjane nimemkuta anachambua. Kisimani walikuwa wamewasha moto tu. Nimebeba yote. Lakini wifi, watu wanazungumza. Mmoja ameingia shambani anafukua."

"Afukue. Umenawa?"

"Nimenawa."

Ilibaki nyumba moja, na hiyo aliiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbali zaidi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ilikuwa nyumba ya fundi cherehani, mwenzake wa tangu utotoni, mtu wa kwanza kumwamini. Watu wote walipokataa bakteria, ni huyo aliyempa nusu ya shamba lake, akasema, "Mimi nguo za watu nazikata mara moja tu, sirudii. Kata na wewe." Msimu ule nusu moja ya mahindi iligeuka zambarau, nusu ya pili ikasimama kijani kibichi. Waling'oa mche mmoja kila upande, wakailinganisha mizizi juu ya meza ya cherehani; mzizi wa upande wa zambarau ulikuwa mwembamba kama uzi, wa upande wa kijani umejaa vinyweleo vilivyoshikilia udongo usitake kudondoka. Fundi aliutundika ukutani hadi ukakauka. Wateja wakimuuliza, alisema ni nywele za mkwe wake.

Aliisikia harufu ya maharage kabla ya kuiona nyumba. Yalikuwa yameungwa kwa kitunguu. Yalinukia vizuri, na hilo ndilo lililomfanya atoe sauti asiyoijua, akauvuta mlango akaingia bila hodi.

Wajukuu watatu wa fundi walikuwa mkekani, wamevaa sare za shule, kila mmoja na sahani mbele yake. Chakula kilikuwa kimepakuliwa. Mkubwa alikuwa ameshika kijiko.

"Msile!"

Kijiko kikaanguka. Mdogo akaanza kulia. Mama Dawa alipiga magoti akaishika midomo yao mmoja mmoja, akaifungua kwa vidole, akaangalia ulimi, akanusa. "Umekula? Wewe umekula? Sema kweli, sikupigi."

"Bado," alisema mkubwa. "Bibi amesema tunawe kwanza."

Fundi alitoka jikoni na birika la maji na taulo begani, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alisimama, akamtazama mwenzake aliyekuwa ameshika taya la mjukuu wake kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Naona leo umekuja na njaa," alisema.

"Haya maharage ni ya asubuhi?"

"Ya asubuhi. Nimeyaosha maji matatu. Yalikuwa na vumbi jepesi leo, nikasema Mama Dawa amebana sukari."

Alimweleza. Alieleza vibaya, mwisho mbele na mwanzo nyuma, kaka, chaki, fukusi, mtu wa baiskeli. Huku anaeleza alikusanya sahani na kumwaga kila kitu kwenye sufuria, akaitoa nje, akachimba kwa jembe nyuma ya choo na kufukia, sufuria na vijiko pamoja. Fundi alimfuata akitazama. Hakumzuia. Udongo ulipokuwa umekanyagwa sawasawa, alisema kwa upole, "Sasa hawa wanangu watakula nini?"

"Watakula kwangu. Watakula chochote." Mama Dawa alijifuta jasho. Moyo ulianza kurudi mahali pake. Nyumba tano, na hakuna aliyekula. Alitaka kucheka, alitaka kulala palepale chini. "Mungu mkubwa. Ungewapakulia dakika mbili mapema…"

"Mimi nimeonja chumvi tu," alisema fundi.

Jembe lilikuwa bado mkononi mwa Mama Dawa.

"Umeonja mara ngapi?"

"Kwani anayepika haonji?"

"Mara ngapi, mwenzangu?"

Fundi alihesabu kwa vidole, kwa utulivu uleule anaohesabia vifungo vya shati. Mara ya kwanza hayakuwa na chumvi. Mara ya pili bado. Mara ya tatu alipotia kitunguu. "Na yalipoiva nikala vijiko viwili, vitatu. Nimetoka shambani sina kitu tumboni. Usinitazame hivyo. Nimekula, sikuiba."

Pikipiki waliipata barabarani, wakapanda wawili nyuma ya dereva, fundi katikati. Wajukuu waliachwa kwa jirani. Njiani watu walisimama milangoni, na Mama Dawa aliona jinsi walivyomtazama, halafu wakatazamana. Mmoja alipaza sauti akauliza kama ni kweli. Mtu mwingine alikuwa ametupa pakti zake nyeusi mtaroni, mpya, hazijafunguliwa. Ndani ya kila pakti kulikuwa na mamilioni ya wafanyakazi wake, hai, wasio na kosa. Alizipita. Kazi ya miaka yote ilikuwa inamwagwa, naye alishangaa kuona haimuumi. Aliyemuuma ni fundi mbele yake, ambaye Mama Dawa alimkumbatia kiunoni akihesabu pumzi zake kwa viganja.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja na benchi la mbao. Muuguzi, msichana mwenye miwani na sauti kavu, alivuta daftari.

"Amekula nini?"

"Maharage yenye dawa," alisema Mama Dawa.

"Dawa gani?"

"Ya fukusi."

"Nataka jina. Zipo zinazoharibu damu, zipo zinazobana kifua, zipo zisizofanya kitu. Kila moja ina tiba yake. Nikikisia nikakosea, nitamdhuru mimi."

Akampigia kaka yake. Kaka alikuwa ameshaambiwa, na alikuwa analia. Alisema ilikuwa ya kijivu. Alisema inanuka. Muuguzi alichukua simu akamuuliza mwenyewe, polepole, mara tatu, kama kulikuwa na picha yoyote, fuvu, rangi ya mstari, herufi hata moja. Kaka alijibu mara tatu kwamba yule bwana aliiita dawa tu, naye hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Muuguzi aliirudisha simu. Kalamu yake ilibaki imesimama juu ya mstari mtupu.

"Haya," alisema hatimaye, akimgeukia fundi. "Kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Unaona ukungu? Jasho la ghafla? Mate kukujaa mdomoni?"

"Mwanangu, mimi mzima. Nina gauni la bibi harusi mezani, mkono mmoja haujashonwa, na mwenyewe anakuja kulichukua saa kumi."

Muuguzi alimmulika macho kwa tochi ndogo, la kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Alimwambia akae kwenye benchi ambapo anaweza kumwona, asilale, kisha akaingia chumba cha ndani, na wakamsikia akizungumza kwa simu na hospitali kubwa, haraka haraka, akitaja saa na idadi ya vijiko.

Walikaa bega kwa bega. Mama Dawa alitaka kumwomba msamaha, lakini maneno yote aliyoyapata yalikuwa madogo. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na kidole cha shahada kilikuwa kigumu kwa miaka ya kusukuma sindano.

"Mimi ndiye niliyeiita dawa," alisema. "Niliambiwa, sikusikia."

"Na mimi ningekula bakteria?" Fundi akatabasamu. "Nyamaza. Ukilia wewe, mimi nitaogopa."

Mvua ilianza. Iliangukia bati kwa matone makubwa machache, kisha ikamiminika yote kwa pamoja, hata sauti ya muuguzi ikazama. Mashambani, katika mashimo ambayo hayakufukuliwa, udongo ulikuwa unalowa. Fundi aligeuza uso mlangoni kutazama maji yanavyoshuka.

"Mvua njema," alisema. Akavuta pindo la mtandio wake, akajifuta midomo. Alikaa kidogo, akameza mate, akajifuta tena.